Vita Vidogo ni Vidogo kwa Nani?

Siku moja tulialikwa katika shule moja ya sekondari kusikiliza mdahalo wa wanafunzi. Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ilikuwa kwamba silaha za nyuklia zimeiletea dunia amani. Wasemaji wa upande wa kuunga mkono walikuwa wamejiandaa barabara. Walitaja majina ya wataalamu, wakataja na miaka, wakasema kwamba tangu mwaka 1945 mataifa makubwa hayajapigana yenyewe kwa yenyewe kama yalivyopigana katika vita vikuu viwili, na kwa hiyo dunia ilipata kile walichokiita amani ndefu. Makofi yakapigwa. Ndipo akasimama binti mmoja aliyeketi nyuma, mwenyeji wa upande wa Ruvuma, akamwuliza mwalimu aliyekuwa mwenyekiti: "Samahani, Mwalimu. Msumbiji imo katika dunia hiyo, au haimo?" Wenziwe wakacheka. Mwalimu naye, bila ubaya wowote, akamjibu kwamba vile vilikuwa vita vidogo, na mada ya siku ile ni vita vikubwa. Binti akaketi.

Tuliondoka pale na swali lake, na hata leo hatujalitua. Vita vya ndani vya Msumbiji vilianza mwaka 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru, vikaendelea hadi mapatano yalipotiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Waliokufa kwa risasi, na kwa njaa na maradhi yaliyoletwa na vita, hukisiwa kufikia milioni moja. Ikiwa hivi ni vita vidogo, basi hatuna budi kuuliza: ni vidogo kwa kipimo cha nani, na kipimo hicho kilichongwa wapi?

Hatumlaumu mwalimu yule. Alisema alivyofundishwa, naye aliyemfundisha alisema alivyosoma. Ugomvi wetu ni na elimu yenyewe, ile inayojiita elimu ya vita, usalama na siasa za dunia. Na zaidi ya hapo ni ugomvi na sisi wenyewe, tunaoipokea kama mgonjwa anavyopokea dawa ya rangi nyekundu, akainywa yote kwa kuwa tu imetoka hospitali.

Tuanze na wakubwa wa elimu hiyo. Mwaka 1979 Mmarekani Kenneth Waltz alichapisha kitabu juu ya nadharia ya siasa za kimataifa, nacho tangu siku hiyo kimekuwa mojawapo ya nguzo za somo hilo katika vyuo vikuu vingi. Katika kitabu hicho anasema wazi kwamba nadharia ya siasa za dunia haina budi kujengwa juu ya mataifa makubwa, na kwamba ingekuwa kichekesho kuijenga juu ya nchi kama Malaysia na Costa Rica. Tumwelewe vizuri, tusimsingizie. Hoja yake ni kwamba wenye nguvu ndio waamuao masharti ambayo wengine wote huishi ndani yake, na hilo halina uongo mwingi. Sisi tuliotawaliwa tunalijua kuliko yeye. Lakini angalieni mwaka wenyewe. Tarehe 11 Aprili 1979, mwaka uleule wa kitabu, majeshi ya nchi maskini ya Afrika ya Mashariki, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Hakuna taifa kubwa lililoamuru vita vile. Nadharia iliyoona kichekesho kutazama upande wetu haikuwa na mahali pa kuviweka.

Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wengi hutumia methali hii kuonyesha nguvu za tembo. Sisi tunaisoma vingine: uzito wa methali uko mwishoni, kwenye nyasi. Aliyeitunga alikuwa amesimama majanini, akaona. Mtaalamu wa siasa za dunia hufika nusu ya kwanza ya methali, akaweka kalamu chini.

Watu watasema: hizo ni nadharia, nadharia hubishaniwa; lakini hesabu ni hesabu, haina ubaguzi. Basi na tuitazame hesabu.

Mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Michigan, nchini Marekani, mtaalamu J. David Singer alianzisha mradi mkubwa wa kuhesabu vita vyote vya dunia tangu mwaka 1816, ili sababu za vita zichunguzwe kwa tarakimu badala ya maneno matupu. Nia ilikuwa njema, tunaamini hivyo. Mwaka 1972, pamoja na mwenzake Melvin Small, alitoa kitabu chenye orodha ya vita kutoka mwaka 1816 hadi 1965. Kitabu hicho na vilivyokifuata vimekuwa chemchemi ya makala na vitabu visivyohesabika; mwanafunzi asomaye leo kwamba vita vinapungua au vinaongezeka, mara nyingi anakunywa maji yatokayo huko, ajue asijue.

Sasa sikilizeni masharti ya kuingia katika orodha ile. Kwanza, ilibidi ijulikane nani ni taifa. Kwa miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, taifa lilikuwa ni nchi yenye watu wasiopungua 500,000, na iliyopokea wajumbe wa kibalozi kutoka Uingereza na Ufaransa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mngoni, Mmatumbi, Mhehe, ambao London na Paris hazikuwapelekea balozi, hawakuwa taifa. Nchi zao zilikuwa mahali ambapo mambo ya wengine hutokea. Pili, vita kati ya taifa na watu wasio taifa vilihesabiwa kuwa vita ikiwa tu taifa lile lilipoteza, kwa wastani wa mwaka, watu 1,000 waliouawa katika mapigano. Soma tena, mwanafunzi, usipite mbio. Si watu 1,000 wa pande zote mbili. Ni 1,000 wa upande wa mwenye balozi. Wafu wa upande wa pili hawakutiwa katika mizani, wawe kumi au wawe laki.

Ndiyo maana Vita vya Wazulu na Waingereza vya mwaka 1879 vimo katika orodha. Pale Isandlwana zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza waliuawa kwa siku moja, na kwa wafu hao Mzulu akapata cheti cha kwamba alipigana vita. Na Majimaji? Majimaji havimo.

Hebu tuvikumbuke vita vyenyewe, maana hapa ndipo penye moyo wa shauri letu. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga, lakini maji yake yalikwisha kutangulia. Moto ulienea kutoka Umatumbi hadi Ungindo, Upogoro, Umbunga na Ungoni. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge mbele ya bunduki za rashasha. Vita viliendelea mpaka mwaka 1907. Kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, katika upande wao walikufa Wazungu 15, askari Waafrika 73 na wasaidizi wa kivita 316. Jumla ni watu 404 kwa muda wote wa vita. Haifiki hata nusu ya kile kilichotakiwa kwa mwaka mmoja. Kwa upande wetu, serikali ya Kijerumani ilikadiria wafu 75,000. Mwanahistoria wetu Gwassa, aliyevichunguza vita hivi kwa undani, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Na wengi mno kati ya hao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa njaa.

Njaa ile haikushuka kutoka mbinguni. Iliamuliwa. Wakati wa vita Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani aliandika kwamba silaha peke yake hazitatosha, ila njaa na dhiki ndizo zitakazowatiisha watu kabisa. Vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mazao yakaharibiwa shambani. Mzee aliyekufa porini akichimba mizizi mwaka 1906 aliuawa kwa mpango wa kijeshi sawasawa na aliyepigwa risasi Mahenge. Kipimo kinachosema "waliouawa katika mapigano" hakimwoni. Wala si Majimaji peke yake. Silaha hii ya njaa ndiyo kawaida ya vita vya wanyonge duniani, na kila mahali ilipotumika, wafu wake huandikwa pembeni, kama ni mambo ya mvua.

Tuwe waadilifu. Orodha za baadaye za mradi uleule zilirekebishwa, wafu wa upande wa pili wakaanza kuhesabiwa, na Majimaji vikaingizwa. Tunashukuru. Lakini wafu wa njaa bado wako nje ya mlango, kwani kinachohesabiwa ni vifo vya wapiganaji. Tena marekebisho ya orodha hayafuti vitabu vilivyokwisha andikwa juu ya orodha ya kwanza, wala mihadhara iliyokwisha tolewa, wala kasumba iliyokwisha ingia.

Mfano mwingine uko karibu zaidi; wengine hupita juu yake kila siku wakienda kununua nguo na mboga. Jina la Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliotumikishwa na jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nako kuna Kariokor, mtoto wa baba yuleyule. Vita katika Afrika ya Mashariki vilianza mwaka 1914, vikaisha tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya Ulaya kunyamaza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na mzigo. Vitabu vingi vya vita hivi humsifu Jemadari Lettow-Vorbeck kwa ujanja wake, na huviita vita vya kando, kama mchezo wa utangulizi kabla ya timu kubwa kuingia uwanjani. Mpagazi hakuwa na bunduki, hivyo si mpiganaji. Hakufa kwa risasi, hivyo hakufa vitani. Lakini wananchi wa Dar es Salaam, bila kongamano wala tarakimu, walimwekea mnara wa jina sokoni. Lugha ilifanya ambayo takwimu hazikufanya. Ni mwalimu yupi anayewasimulia wanafunzi wake jambo hili wanapofika sura ya Vita Kuu?

Tukitoka kwenye hesabu twaingia kwenye majina, na hapa shairi na siasa hukutana, maana kazi ya mshairi ni kujua neno lina uzito gani. Tumelifasiri jina la wakubwa tukasema "Vita Baridi". Kwetu sisi watu wa joto, baridi ni neno la faraja: maji ya baridi kwa mwenye kiu, upepo wa baridi baada ya jua la adhuhuri. Kisha neno hili twampa mtoto wa Kiafrika alitumie kwa miaka ambayo Patrice Lumumba aliuawa, tarehe 17 Januari 1961; kwa miaka ambayo Angola iliwaka, kuanzia mwaka 1975, Wakuba na Makaburu wakipigana katika ardhi yake kwa silaha na fedha za watu wa mbali, moto usizimike kabisa hadi Aprili 2002. Hata Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Ureno iliyokuwa ikipigana na FRELIMO ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NATO mwaka 1949. Baridi gani hiyo?

Mwanahistoria John Lewis Gaddis wa Marekani ndiye aliyelieneza jina la "amani ndefu" kwa makala aliyoitoa mwaka 1986. Yeye alikusudia kueleza kwa nini Marekani na Urusi ya Kisovieti hazikupigana ana kwa ana, na swali hilo ni halali. Mtu wa Ulaya aliyelala miaka arobaini bila kusikia king'ora cha mabomu ana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini jina likatoka mikononi mwa mwenyewe, likapanda meli, likatua katika mdahalo wa shule yetu, na likamketisha chini binti wa Ruvuma. Hapo ndipo tunapokataa. Jina lililo kweli kwa mji wa Berlin si lazima liwe kweli kwa mto Ruvuma, na mwanafunzi afundishwe kuuliza jina lilizaliwa wapi kabla hajaliandika katika karatasi ya mtihani.

Wako wasomi wenzetu watakaotuambia kwamba sisi hatuna elimu ya vita ya kuweka mahali pa hiyo. Wanasema hivyo kwa sababu wameifungia elimu katika umbo moja la kitabu. Vita vya Wadachi kuitwaa Mrima viliandikiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wakati ule ule vidonda vikiwa vibichi. Vita vya Majimaji viliandikiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vya Kagera viliandikiwa utenzi na Henry Muhanika, ukachapishwa mwaka 1981. Vita vitatu, tenzi tatu. Tenzi hizi husomwa katika somo la fasihi, ambako mwanafunzi huambiwa ahesabu mizani na vina. Mwalimu wa historia, chumba cha pili, hazigusi. Hatudai kwamba mtunzi wa utenzi hana upande wala woga. Anavyo, kama alivyo navyo profesa wa Michigan. Tofauti ni kwamba mtunzi alisikia mlio wa mzinga, na wafu wake wana majina na miji.

Juu ya Kagera hatutasema mengi, maana wengi wamesema. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia, na Amin akatangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Yaliyofuata yanajulikana. Wataalamu wa sheria na siasa za dunia huvitaja vita hivi pamoja na vya India ya mwaka 1971 na vya Vietnam huko Kambodia, wakabishana kama Tanzania iliingia Uganda kwa kujilinda au kwa kuokoa watu wa nchi nyingine. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, baadhi ya viongozi walitulaumu kwa kuvuka mpaka. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa kutenganisha vita viwili ndani ya vita kimoja: cha Watanzania dhidi ya mvamizi, na cha Waganda dhidi ya dhalimu wao. Hilo ni wazo zima la falsafa ya siasa. Laweza kubishaniwa, na sisi wenyewe tungependa lipingwe na vijana wenye akili, pamoja na maswali mazito ambayo hatujayajibu, kama gharama ya vita ile iliyoukamua uchumi wetu kwa miaka. Lakini kwa nini Waltz awe nadharia, na Nyerere awe hotuba?

Tunasikia tayari sauti ya mwalimu mwenye darasa la watoto sabini na muhtasari wa kumaliza kabla ya Oktoba: mnatuongezea mzigo, mtihani hauulizi haya. Ndugu mwalimu, hatusemi vitabu vya Marekani vichomwe. Tumewataja watu wao kwa majina ili wasomwe. Msome Waltz darasani, kisha mwulize mwanafunzi Waltz alisimama wapi alipokuwa akitazama. Liandike sharti la watu 1,000 ubaoni, liweke 404 kando yake, liweke 300,000 chini, kisha unyamaze. Kazi hiyo haimalizi kipindi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama katika Makumbusho ya Majimaji huko Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kufika hapo. Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, bado ukoo wake unatafuta fuvu lake. Ikiwa aliyetenda amekiri, sisi tunaoendelea kusema "vita vidogo" tunamwogopa nani?

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu kilichokuwa kichanga cha Dar es Salaam waliacha maktaba, wakaenda vijijini katika nchi ya Majimaji na daftari na kalamu, wakaketi na wazee walioviona vita wakiwa vijana na watoto, wakaandika waliyosikia. Wazee wale wote wamekwisha kufariki. Tusingekuwa na sauti zao leo kama vijana wale wangengoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipovuka daraja la Kyaka sasa amepita miaka 65. Wako katika wilaya nyingi za nchi hii, wamo wapiganaji na wapishi wa jeshi, wamo madereva na wauguzi, na kina mama waliokimbia Missenyi na watoto mgongoni. Likizo ya Juni ina wiki kadhaa, na daftari moja latosha wazee wawili.